Udalali wa Ardhi ya Biashara Nyamasaria: Historia ya Kazi na Ujira Wake

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Ahero hufika Nyamasaria kabla hajaingia katikati ya Kisumu. Tangu barabara ya Nyamasaria hadi Kisian ilipopanuliwa katika miaka ya 2010, pamezidi kujipanga maghala, vituo vya mafuta, maduka ya vifaa vya ujenzi na nyumba za wageni. Vizazi viwili vilivyopita sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa mashamba na malisho ya watu wa Kolwa, ukingoni mwa tambarare ya Kano. Baina ya mwenye shamba wa jana na mfanyabiashara wa leo amesimama mtu wa tatu, ambaye huitwa dalali, wakala, ajenti au broka, kwa kutegemea ni nani asemaye na kwa moyo gani.

Makala haya yanachunguza historia ya mtu huyo na ya ujira wake. Aghalabu mapatano ya ujira huo husemwa kwa asilimia: mmoja ataka tano, mwingine atoa mbili, wanakutana kwenye tatu. Lakini mabishano ya asilimia ni ganda tu. Kiini chake ni maswali mawili ambayo kwa nadra huulizwa waziwazi: kazi ya dalali hukamilika lini, na dalali ni mtumishi wa nani? Mila zilizokutana katika ardhi ya Kisumu ziliyajibu maswali hayo kila moja kwa namna yake, na magomvi mengi ya ujira huanzia hapo.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Dalali limetoka katika Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa dalili, wenye maana ya kuonyesha njia. Dalali kwa asili ni mwenye kuonyesha. Hati za Geniza ya Cairo, zilizochunguzwa kwa kina na S. D. Goitein, zinawataja madalali na malipo yao katika biashara ya karne ya 11 na ya 12. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki dalali alikuwa mtu wa kuitembeza mali huku akiinadi, na haipasi kusahau kwamba katika soko la watumwa la Unguja, hadi lilipofungwa kwa mkataba wa mwezi Juni 1873, mali iliyotembezwa ilikuwa binadamu. Kamusi Sanifu ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inamweleza dalali kuwa ni mnadi na pia ni mtu auzaye kwa niaba ya mwingine. Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, haimpendelei sana mtu huyu. Na bado wafanyabiashara hawakuweza kuishi bila yake, kwa sababu kizuri hakijiuzi mahali ambapo mnunuzi hajui kilipo.

Wanazuoni wa Kiislamu waliona mapema kwamba kazi ya dalali ina tatizo katika kuipimia ujira. Mwashi hulipwa kwa siku au kwa ukuta. Dalali je, alipwe kwa nini? Anaweza kuhangaika mwezi mzima asipate mnunuzi, au akampata kwa neno moja barazani. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani, yalitenganisha mikataba miwili. Upo wa ijara, ambapo mtu hukodiwa kwa kazi au muda unaojulikana, naye hulipwa kwa ile kazi. Na upo wa juala, ambapo ahadi ya malipo hutolewa kwa atakayeleta tokeo fulani. Mfano maarufu wa juala umo katika kisa cha Nabii Yusuf, ambapo shehena ya ngamia iliahidiwa kwa atakayelileta kopo la mfalme lililopotea. Atafutaye asipate hana chake. Udalali uliolipwa kwa kufanikiwa ulifanana na juala, lakini kwa masharti mawili yenye uzito. Kwanza, kiasi cha malipo sharti kijulikane. Pili, ikiwa mwenye mali atabadili nia baada ya mtu kuianza kazi, hapaswi kumwacha mikono mitupu: atamlipa ujira wa mfano, yaani ule ambao kazi kama ile hulipwa kwa desturi.

Hilo sharti la kwanza linagusa jambo ambalo wakazi wa Kisumu na wa Dar es Salaam wanalijua kwa jina moja, yaani cha juu. Mwenye kiwanja asema ataka milioni nane. Dalali amwendea mnunuzi akataja milioni kumi, na tofauti ikaingia mfukoni mwake. Watu wengi hudhani huu ni ujanja wa siku hizi za miji mikubwa, ilhali mjadala wake una umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Imamu Bukhari, katika mlango wa ujira wa madalali, anamtaja Ibn Abbas kuwa hakuona ubaya mwenye nguo kumwambia mtu aiuze, na kitakachozidi bei fulani kiwe chake. Wanazuoni wa Shafii walikuwa wazito zaidi: ujira usiojulikana kiasi chake haukuwa ujira sahihi kwao, na dalali wa namna hiyo angerudishwa kwenye ujira wa mfano. Itazamwe vizuri, lakini. Hata yule aliyeruhusu aliruhusu pale ambapo mwenye mali mwenyewe amekubali ziada iende kwa dalali. Cha juu kinachofichwa kwa mwenye kiwanja na kwa mnunuzi pia ni jambo jingine kabisa, na hapo neno udalali linabeba mzigo usio wake.

Neno hili lilifika Kisumu kwa njia mbili. Moja ilikuwa ya misafara na ya Waswahili wa pwani. Nyingine ilikuwa ya reli. Njia ya reli ilipofika Port Florence mwezi Desemba 1901, wakati eneo hilo lilipokuwa bado chini ya Himaya ya Uganda, wafanyabiashara wa Kihindi waliifuata, na maduka ya Allidina Visram yalikuwa miongoni mwa yaliyotangulia. Wasemaji wa Kigujarati walikuwa nalo tayari neno dalal kwa mtu, na dalali kwa malipo yake. Hata mtaa wa soko la hisa la Bombay huitwa Dalal Street. Mfanyabiashara wa Kihindi na mpagazi wa kutoka Mombasa walikutana Kisumu wakiwa na neno moja kwa mtu yule yule, ingawa walilipokea kwa njia mbalimbali. Ni maneno machache ya biashara yaliyopata bahati ya kuingia mji mpya kwa milango miwili.

Serikali ya kikoloni nayo ilihitaji mnada. Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka 1915 iliagiza kwamba ukodishaji wa viwanja vya mji uuzwe kwa mnada, isipokuwa pale Gavana alipoamuru vinginevyo, na agizo hilo liliendelea baada ya uhuru, huku Rais akichukua nafasi ya Gavana, hadi sheria za ardhi zilipoandikwa upya mwaka 2012. Lakini kile kilichokuwa kando ya sheria kikawa ndio njia kuu. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi viwanja vya umma vilivyogawiwa bila mnada, na jinsi barua za ugawaji zilivyouzwa mkono kwa mkono kana kwamba ni hati za kumiliki. Aliyenunua barua kwa dalali alinunua ahadi.

Nyamasaria, hata hivyo, haikuwa mji wa viwanja vya serikali. Ilikuwa nchi ya watu. Katika desturi ya Wajaluo ardhi haikutafutwa sokoni. Mgeni aliyehitaji mahali pa kulima alipokewa kwa njia ya ujomba, ukwe au urafiki, akawa jadak, mkaaji kwa hisani ya wenye ardhi. Jadak aliweza kukaa vizazi na vizazi bila kuwa mwenye ardhi. Palikuwa na watu wa kuwapatanisha wageni na wenyeji, lakini hapakuwa na dalali, maana hapakuwa na bei ambayo angeikatia fungu. Aliyefanikisha mapatano alipata heshima na deni la fadhila, na fadhila haina asilimia.

Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 vilibadili hali hiyo polepole, si bila upinzani. Jina la mtu mmoja liliandikwa katika rejista, na kwa macho ya sheria huyo ndiye mwenye mali, hata kama nyuma yake wamesimama mke, watoto, ndugu na makaburi ya wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mipaka ya manispaa ya Kisumu ilipanuliwa ikameza vijiji vya pembezoni. Shamba likawa mjini bila kusogea. Kuanzia hapo palikuwa na mtu mwenye hati ambaye hakuwajua wafanyabiashara, na wafanyabiashara wasiowajua wenye hati. Nafasi ya dalali ilikuwa imekwisha kuchongwa.

Pamoja na hati ilikuja sheria ya Kiingereza, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 iliendelea kuwa chemchemi ya hukumu nchini Kenya. Kesi mbili za Uingereza zinatosha kuonyesha mwelekeo wake. Ya kwanza ni Andrews dhidi ya Ramsay, ya mwaka 1903. Madalali walipewa nyumba wauze kwa ujira wa pauni 50; kwa siri wakapokea pauni 20 kutoka kwa mnunuzi. Mahakama iliwanyang'anya zile 20, kisha ikawanyima na zile 50: mtumishi wa mabwana wawili, asiyewaambia, hakustahili ujira hata kidogo. Ya pili ni Luxor dhidi ya Cooper, iliyoripotiwa mwaka 1941. Dalali aliahidiwa pauni 10,000 iwapo majumba mawili ya sinema yangeuzwa, uuzaji ukakamilika. Alimleta mnunuzi aliye tayari na mwenye fedha. Wenye majumba wakaghairi. Baraza la Malodi likaamua kwamba dalali hakudai kitu, kwa kuwa alikubali kuingia katika kazi ya bahati: ama fungu kubwa, ama hakuna.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo yastahili kutazamwa kwa utulivu. Katika kesi ya siri mila zote mbili zinakaribiana. Katika kesi ya kughairi zinaachana. Dalali wa Luxor, mbele ya kadhi wa Kishafii, angekuwa na hoja ya kudai ujira wa mfano kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Mbele ya hakimu wa Kiingereza hakupata hata nauli. Hakuna adaiye kwamba madalali wa Nyamasaria wamesoma fiqhi au ripoti za kesi. Lakini dalali asemapo, mwenye shamba anapobadili nia, kwamba "nimefanya kazi, nilipwe jasho langu", si haki kumwona ni mlafi tu. Anasema neno ambalo mila moja kubwa ya kisheria ingelisikiliza. Na mwenye shamba ajibuye kwamba "hukuniuzia, hunidai" naye ana mababu zake.

Upande wa kukodisha majengo ulipata historia yake pembeni. Sheria ya mwaka 1965 kuhusu wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula iliwalinda wapangaji ambao mkataba wao haukuandikwa, au uliandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Wenye majengo wakajifunza kuandika mikataba ya miaka 5 na miezi 3, na atafutaye duka hana budi kujua kwamba ile miezi mitatu haikuwekwa kwa ukarimu. Juu ya kodi huja malipo ya kuingilia, yale ambayo pwani huyaita kilemba. Dalali akidai ujira wake kwa kipimo cha kodi ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi kwa vyumba vya kukaa Dar es Salaam, sharti iulizwe kama kilemba kimo katika hesabu au hakimo.

Bunge la Kenya lilijaribu kuitengeneza kazi hii kwa Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Majengo ya mwaka 1984, iliyounda bodi ya usajili na kumkataza asiyesajiliwa kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1996 ikatungwa sheria nyingine ya wanadi, yenye bodi yake ya leseni. Kwa upande wa lugha matokeo yalikuwa ya ajabu kidogo. Neno kongwe, dalali, lilizidi kuvutwa kuelekea kwa mnadi, yule ajaye na amri ya mahakama kuchukua mali ya mdaiwa. Wakala likawa la mwenye ofisi na cheti. Na yule mwenye kuonyesha njia hasa, akaaye kwenye kibanda kando ya barabara ya Nyamasaria, akabaki na neno la mkopo, broka. Amepoteza jina lake kwa mtu ambaye kazi yake inaogopwa.

Sasa itazamwe namna huduma hii inavyonunuliwa. Mfanyabiashara ataka kiwanja cha ghala. Tuseme bei ni shilingi milioni 10, na ujira umetajwa asilimia 3, yaani shilingi 300,000. Swali la kwanza ni asilimia ya bei ipi. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji imekuwa asilimia 15 kwa muuzaji, na ushuru wa stempu kwa mnunuzi ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini. Wapo wanaoshawishika kuandika bei ndogo kuliko iliyolipwa, jambo ambalo ni kosa la jinai, na dalali akajikuta analipwa kwa bei ya karatasi ilhali alileta bei ya mkononi. Swali la pili ni nani alipe. Muuzaji hudhani ni mnunuzi aliyetafuta. Mnunuzi hudhani ni muuzaji aliyepata. Dalali, akiona hivyo, hupokea kwa wote wawili na kunyamaza, naye amekwisha kuingia katika shimo la Ramsay. La tatu ni mlolongo. Broka wa Nyamasaria amepata habari kwa mwingine wa Kondele, aliyeambiwa na jamaa wa mwenye shamba. Wote watatu wangojea fungu katika zile 300,000, au wanaongeza kila mmoja chake juu ya bei. Mnunuzi aliyetumia saa nzima kushusha ujira kutoka tano hadi tatu huenda amepandishiwa bei ya kiwanja kwa kiasi kinachozidi kile alichookoa.

Kisha kuna ada ya kuonyeshwa, itozwayo hata kama mteja hakupenda alichokiona. Wengi huilaumu, ingawa kimsingi si dhambi: ni ijara iliyowekwa ubavuni mwa juala, ujira wa miguu kando ya ujira wa tokeo. Kinachokosekana ni kusema kama ada hiyo itakatwa katika fungu la mwisho. Na ikiwa mtu amelipa ili aonyeshwe, basi na aonyeshwe kweli. Udongo wa Kano ni mweusi wenye kuvimba na kupasuka, na mito ishukayo kutoka vilima vya Nandi hufurika. Kiwanja kilichoonyeshwa Januari, vumbi likitimka, si kiwanja kile kile mwezi wa Aprili. Dalali mwenyeji anajua maji hufika wapi. Kujua huko ndiko bidhaa yake ya thamani kuliko zote, na ndiko asikolipwa, kwa kuwa ujira wa tokeo humzawadia anyamazaye.

Ila jambo linalovunja mapatano mengi ni hatua za kisheria zinazofuata. Kwa desturi mnunuzi hutanguliza asilimia 10 siku ya kutia sahihi, ile iliyoitwa zamani arabuni, na hupewa takriban siku 90 kukamilisha. Katikati pana ridhaa ya mwenzi wa ndoa, ambayo sheria za mwaka 2012 na 2013 zimeitilia mkazo, pana ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, panapohusika ardhi ya kilimo, inayopaswa kuombwa katika miezi 6 kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1967, pana usajili. Dalali hutaka chake siku ya arabuni, akijua kwamba baadaye hakuna atakayepokea simu yake. Mwenye shamba hutaka kulipa siku ya mwisho. Mke akikataa, bodi ikikataa, yote hurudi nyuma, isipokuwa fedha ya dalali iliyokwisha kuliwa. Wapatanao vizuri hugawa ujira: sehemu siku ya sahihi, sehemu baada ya usajili, na kima kidogo cha jasho iwapo mwenye mali ataghairi kwa hiari yake. Kima hicho kidogo ni ule ujira wa mfano, umerudi bila jina.

Hata nchi zenye ofisi kubwa hazijaepuka maswali haya. Nchini Marekani, chama cha National Association of Realtors kilikubali mwezi Machi 2024 kulipa dola milioni 418 kumaliza mashtaka juu ya namna ujira wa mawakala wa nyumba ulivyopangwa. Kuanzia tarehe 17 Agosti 2024 wakala wa mnunuzi alitakiwa kuwa na mapatano ya maandishi na mteja wake kabla ya kumtembeza katika nyumba. Kanuni hiyo ilihusu nyumba za kukaa, si maghala. Lakini walichofikia baada ya kesi ndefu ni kuandika mapema dalali ni wa nani na atapata nini.

Nyamasaria nako watu huambiana kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ugumu uko katika lugha ya daftari. Mwenye shamba Mjaluo, mnunuzi Mhindi au Mkikuyu na broka wao hujadiliana kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kisha karatasi huandikwa kwa Kiingereza na wakili. Katika yale mazungumzo, mara bei inapokubaliwa, mikono hupeanwa na mmoja husema, "Basi, tumemaliza." Kwa msemaji wa Kiswahili hilo ni neno kamili: biashara imekwisha. Kwa wakili, kukamilika ni siku hati inapotoka kwenye usajili kwa jina jipya, miezi kadhaa mbele. Dalali alisikia neno la kwanza na akaanza kuhesabu fedha zake. Karatasi iliyompa haki inataja la pili, katika lugha ambayo hakuna aliyeitumia chini ya mti siku ya mapatano.